Kulipwa si kosa, mradi masomo yasiumie

Dada, uliuliza kama ni halali kikundi cha sanaa cha mtaani kumlipa kijana wako wa miaka 15 anayesaidia kuchora ukutani wakati wa likizo. Ni halali, kwa kuwa Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamruhusu mtoto wa miaka 13 hadi 16 kufanya kazi nyepesi isiyodhuru afya yake wala kuvuruga masomo yake. Kupandishwa kwenye jukwaa la mbao hadi ghorofa ya tatu si kazi nyepesi, hata wakubwa wa kikundi waseme nini.

Wazo lenyewe si geni: huko Chicago, mwaka 1991, mpango wa gallery37 uliwaweka vijana kwenye kiwanja kitupu katikati ya jiji, wakafundishwa na wasanii huku wakilipwa kama wanagenzi. Nilipowahi kusimamia ukuta mmoja Kayole, Nairobi, kila kijana aliandika mwenyewe saa ya kufika katika daftari, na kufikia wiki ya pili walikuwa wakinisubiri mimi nifungue mikebe ya rangi.

Kwa kuwa mwanao hajapata kitambulisho, huenda posho yake ikatumwa kwa M-Pesa kwenye simu yako. Omba kiasi na siku ya malipo viandikwe kabla hajaanza, naye atie sahihi kila anapopokea, ili fedha hiyo isije ikageuka ya unga bila yeye kujua (wazazi tunajijua).