Kwa nini chumvi kavu haipitishi umeme

Umeuliza kwa nini chumvi ya mezani hupitisha umeme ikiyeyushwa majini ilhali ikiwa kavu haipitishi, ingawa ioni (atomu zenye chaji ya umeme) ni zilezile. Jibu limo katika namna ioni hizo zilivyoshikana. Atomu ya sodiamu, yenye elektroni 11, hupoteza ile moja ya nje na kuwa ioni chanya, nayo ya klorini huipokea na kuwa ioni hasi. Kisha kila ioni ndani ya fuwele, yaani punje ya chumvi ambamo ioni zimepangika kwa utaratibu, huzungukwa na ioni 6 zenye chaji kinyume, zinazoibana pande zote hata isiweze kuhama. Maji huzitenganisha zikawa huru kubeba chaji. Kwa sababu hiyo naona si sahihi kusema “molekuli ya chumvi”, yaani kundi la atomu zilizoungana peke yake, kwani katika fuwele hakuna jozi iliyojitenga.