Mtoto hatulii usiku

SWALI: Anti shikamoo, mwanangu ana miaka 7, gari la shule linampitia saa 11 alfajiri huku Kimara, jioni tuisheni, akirudi ni kuruka na kulia mpaka saa 4 usiku. Nifanyeje? Mama J

JIBU: Marahaba mwanangu, pole. Huyo kachoka tu, umri wake anatakiwa alale masaa 9 mpaka 12, we piga hesabu. Tuisheni kata, miaka 7 tuisheni ya nini jamani! Akishaoga zima tivii na simu, mlaze chali umwekee kikopo cha plastiki tumboni akipandishe kwa pumzi, akitoa atoe polepole kama anapuliza uji wa moto, hapo mapigo ya moyo yanashuka, na baba yake akichelewa foleni asije kumwamsha ampe chipsi.