Kipimo cha PET hakikuonyesha kitu, lakini PSA inapanda

Ndugu, umeuliza kwa nini kipimo cha PET (picha ya mwili inayopigwa baada ya kudungwa dawa yenye mnururisho kidogo) kilichotumia dawa iitwayo FDG hakikuonyesha chochote, ilhali PSA (protini inayopimwa kwenye damu kufuatilia saratani ya tezi dume) ya baba yako inaendelea kupanda baada ya upasuaji wa kuondoa tezi dume. Wasiwasi wako una msingi. FDG ni glukosi, yaani sukari, iliyoambatishwa florini-18 inayotoa mnururisho, nayo hukusanyika katika seli zinazotumia sukari kwa wingi. Saratani nyingi za tezi dume hukua polepole na hutumia sukari kidogo, kwa hiyo picha isiyo na doa haithibitishi kwamba ugonjwa haupo.

Ningewashauri mmuulize daktari kuhusu kipimo cha PET kinachotumia dawa ya mnururisho inayoshika PSMA, protini iliyo kwa wingi juu ya seli za saratani hiyo, dawa hiyo iwe imebeba galiamu-68, ambayo nayo hutoa mnururisho, au florini-18. Hata hiyo huweza kukosa vivimbe vidogo PSA ikiwa bado chini sana. Tezi za mate na figo hung'aa kwa kawaida, kwa hiyo msishtuke mkiziona pichani. FDG nayo haijaachwa, kwani saratani inapokuwa kali huweza kupunguza PSMA na kutumia sukari zaidi, na hapo ndipo madaktari huilinganisha na picha ya PSMA.