Hina ya bibi harusi: ridhaa ichukuliwe kabla koni haijafunguliwa

Bibi harusi akiulizwa mbele ya mashangazi wanane kama mgongo nao uchorwe, atasema ndiyo. Hiyo "ndiyo" ni ya mashangazi. Wewe mchora hina, muulize yeye, siku mbili tatu kabla, mkiwa wawili. Somo, yaani kungwi wake, na mama mtu waje baadaye. Wapo wanaoshikilia kwamba kunyamaza kwa mwari ni ridhaa. Hilo ni la mlango wa nikaha, halihusu mgongo wala picha.

Maswali ni manne: hina iishie wapi, nani akae chumbani, dawa gani ya kuchorea ipakwe, na picha. Yaulize moja moja, maana aliyekubali kuchorwa mpaka pajani hajakubali kupigwa picha hata ya kidole. Mpaka wa mchoro muonyeshe kwenye mkono au mguu wako mwenyewe: "Naishia hapa, sawa?"

Kwenye dawa, ridhaa ya asiyejua kilichomo bakulini ni bure. Piko nyeusi mara nyingi huwa na rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD. Huweza kuchoma ngozi ikatoa malengelenge, na aliyedhurika nayo huenda asiweze tena kutia rangi ya nywele maisha yake yote. Akiitaka, mweleze hivyo, kisha kataa bila kumgombeza: "Mwanangu, hiyo mimi sipaki. Nitakukolezea hina." Na inakolea kweli, ikiachwa kwa muda wa saa 6 hadi 8, ikabanduliwa kavu, na maji yakawekwa mbali mpaka kesho yake. Itatoka ya rangi ya machungwa. Mwambie mapema asishtuke, baada ya saa 24 hadi 48 itakuwa imeiva.

Picha ndiyo huleta ugomvi. Ya kumpa yeye, ya kuonyesha wateja na ya kuweka status ni ruhusa tatu tofauti. Mkimaliza kuongea mwandikie: "Umekubali picha 2 za mikono, bila uso, za kuonyesha wateja tu. Ukibadili nia niambie, nazifuta." Ujumbe huo utakuokoa siku mkwe atakapouliza. Kabla ya kupiga, tazama kioo cha meza ya kujipambia: mikono iko mbele, nyuma yake kioo kinaonyesha wifi bila mtandio. Herufi ya jina la bwana iliyofichwa kwenye maua nayo ni siri ya wenyewe. Simu izimwe ile hifadhi ya kupeleka picha mtandaoni yenyewe, na ukifuta, futa na kwenye kapu la taka la simu, maana simu nyingi huziweka humo siku 30. Siku simu inapokwenda kwa fundi, kapu huenda nayo.

Sheria ya kulinda taarifa binafsi ipo pia: Kenya ya mwaka 2019, Tanzania ya mwaka 2022, na zote zinamruhusu mtu kuondoa ridhaa aliyokwisha kuitoa. Hata picha ikiwa imependwa na watu elfu.

Mgeni akiinua simu katikati ya kazi, usipandishe sauti. Inua koni, tulia, sema: "Shangazi, simu iingie mkobani kwanza, halafu naendelea." Kisha ngoja. Kwa kawaida huingia, maana hakuna anayetaka bibi harusi atoke na mkono mmoja.