Kabla hujakubali kazi ya chekechea Ulaya, uliza wanaume wako wangapi

Vijana wa kwetu walioko huku huniuliza kama kulea na kufundisha watoto wa chekechea ni kazi ya mwanamume. Nimeifanya Uingereza, sasa naifanya Norwei, na jibu langu hutegemea anayeuliza yuko nchi ipi.

Uingereza, kati ya wafanyakazi 100 wa chekechea, wanaume hawazidi watatu hivi. Norwei wanafika kama 10. Utasema 10 nao ni kitu gani? Subiri uwe mwanamume peke yako kwenye jengo zima. Pale nilipoanzia, kila kabati lililolegea niliitwa mimi, na kila mpira ulipotoka ilikuwa zamu yangu. Mzazi mmoja alipoomba nisimbadilishe mwanawe nepi, meneja alikubali bila hata kuniuliza. Mshahara nao ulikaribiana na kima cha chini. Niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja alipanga bidhaa dukani na kunizidi.

Msidhani Wanorwei wamezaliwa na mapenzi ya watoto kuliko wengine. Serikali yao ilijiwekea lengo la kufikisha wanaume 20 katika kila 100, na mwaka 1998 ikatoka kanuni iliyoruhusu mwanamume apewe kipaumbele pale waombaji wanapolingana sifa. Lengo lenyewe halijafikiwa mpaka leo. Lakini tangu 2009 nafasi ya chekechea ni haki ya mtoto kisheria, fedha nyingi za kuiendesha hutoka serikalini, na ada ya mzazi ina ukomo. Mambo hayo yanaipa kazi heshima ambayo hotuba haziwezi kuipa.

Kinachonishangaza zaidi ni kesi ya Bjugn. Mwaka 1992, katika wilaya hiyo ndogo ya Norwei, mfanyakazi mwanamume wa chekechea alituhumiwa kuwadhalilisha watoto kingono. Nchi nzima ilitikisika. Mwaka 1994 mahakama ikamwachia huru. Nchi nyingine ingefunga mlango hapohapo, na kweli wanaume wengi waliogopa, lakini Wanorwei waliendelea kuwatafuta.

Kwa hiyo kwenye usaili, usingoje wao tu wakuulize. Uliza kuna wanaume wangapi. Mkiwa wawili, kazi inakuwa nyingine kabisa, maana mwenzio akikosea halifanywi kuwa kosa la wanaume wote. Uliza pia utaratibu wa nepi na choo. Jibu zuri ni kwamba kanuni ni moja kwa wafanyakazi wote: mlango haufungwi, na wenzako wanajua uko wapi. Ukiambiwa wewe utasamehewa nepi, ondoka. Inaonekana kama hisani, kumbe umeshawekwa kundi la washukiwa.

Ndugu nyumbani watasema umevuka bahari kwenda kufuta watoto makamasi. Mjomba wangu alisema hivyohivyo. Nilimweleza kwamba mwalimu wa chekechea Norwei husoma chuo kikuu miaka mitatu, akanyamaza, ingawa sidhani kama alikubali. Usibishane sana; msaada ukifika nyumbani kwa wakati, maneno hupungua.

Jambo la mwisho ni makaratasi. Nchi zote mbili zinadai uchunguzi wa polisi. Norwei huwezi kuomba hati hiyo kabla mwajiri hajathibitisha kwamba anakupa kazi, kwa hiyo usihangaike nayo mapema. Muda huo jifunze Kinorwei. Wakubwa watahamia Kiingereza wakikuona umekwama, lakini mtoto wa miaka mitatu anayetaka kuvuliwa buti hana habari na Kiingereza chako.