Ukuta umepanda, rudi halmashauri

Kaka, kama kibali kilitoka na ukuta wa kuzuia udongo wa mita 1 na sasa fundi anataka 2, hiyo ni kazi mpya. Udongo ukinyonya maji ya masika, mara mbili ya kimo ni kama mara nne ya msukumo. Mwambie mhandisi achore upya msingi na nondo, upeleke michoro halmashauri kabla hujamwaga zege. Matundu ya kutolea maji usisahau, na kokoto nyuma yake. Wa kwangu huko Goba ulianza kubinuka kwa kukosa hayo tu. Maua na nyasi panda utakavyo. Fensi? Usivuke bikoni, zile alama za mpaka wa kiwanja.