Kabla hujapanda boti ya kutazama pomboo

Mimi ni mwongoza watalii kwenye Mfereji wa Kazinga, unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward hapa Uganda. Kiboko ukimsogelea vibaya hukueleza mwenyewe: anaachama, anapuliza maji, mara anakujia. Nahodha hulazimika kurudi nyuma. Pomboo hana namna hiyo ya kukufukuza, na ule mdomo unaoonekana kutabasamu ni umbo tu la taya lake.

Hilo nilielewa Kizimkazi, Unguja, nilipopeleka familia moja ya Kampala. Boti tisa zilizunguka pomboo wasiozidi sita. "Rukeni! Rukeni!" manahodha wakapiga kelele. Wageni wangu wakaruka, pomboo wakazama, wakaibukia mbali, mashine zikawashwa tena. Mara nne. Kulikuwa na mama na mtoto, mtoto amejibana ubavuni kwa mama yake, na kila boti ilipokaribia walibadilisha njia. Mtoto wa pomboo hunyonya ndani ya maji, sekunde chache kila mara. Pale alinyonya saa ngapi? Niliona aibu, maana wageni nilikuwa nimewaleta mimi.

Pomboo hupumzika upande mmoja wa ubongo kwa zamu, huku akipanda juu kuvuta pumzi. Utafiti uliofanywa hukohuko kusini mwa Unguja ulionyesha kwamba boti za watalii zikiwapo, pomboo hupunguza kupumzika na kukaa pamoja, wakawa wa kusafiri tu bila kutulia. Shark Bay, Australia, kampuni za watalii zilipoongezeka kutoka moja hadi mbili, pomboo wa eneo hilo walipungua, serikali ikaondoa leseni moja.

Manahodha siwalaumu peke yao. Hukimbiza kwa sababu bakshishi huja mgeni akigusa maji karibu na pomboo. Kwa hiyo anza wewe. Siku ya pili nilimwambia nahodha mwingine, mzee wa makamo: "Mzee wangu, hatuogelei. Kaa ubavuni mwao, usiwakate mbele, ukiona mtoto tuondoke. Bakshishi yako ipo palepale." Akazima mashine. Tukakaa kimya, tukasikia pumzi zao, pfuu, pfuu, wakipita polepole kwa hiari yao. Binti mdogo wa familia ile alishika mkono wangu asiseme neno.

Mazungumzo hayo yafanye kwa simu usiku uliotangulia. Asubuhi ufukweni, boti nyingine zikishaondoka kwa kasi, nahodha hatakusikia.